Siagi Iliyokataa Kuganda

Jumamosi, mwezi wa pili

Na kumbe mwenye makosa ni mimi! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Siku tatu siagi inayeyuka ndani ya lile sanduku la baridi nje ya jikoni. Kuta zake ni waya na makaa, na makaa tunayamwagia maji ili ndani kupoe. Nimebadilisha makaa, nimeongeza maji, lakini siagi bado ni uji. Jana Memsahib alisema wazi: ikiyeyuka tena leo mbele ya wageni wake wa Timboroa, atatafuta mpishi mwingine. Niliogopa kweli. Nikirudi Maragoli bila kazi, mama nitamwambia...

Leo nikamgombeza Kiprono, dobi wetu, kwamba anamaliza maji. Alitoa shuka mbichi kwenye kamba, akanivisha shingoni, upepo ukanipiga.

"Unasikia nini?"

"Baridi! Wacha mchezo."

Akanivuta nyuma ya ukuta, pasipo na upepo. "Na hapa?"

"Hapa afadhali."

"Sasa wewe mpishi, hilo sanduku lako umelivisha nini?"

Magunia! Niliyashona mwenyewe, nikalifunika pande zote ili upepo usiibe baridi. Nikayang'oa palepale. Jioni, mbele ya wageni, siagi ilikuwa ngumu, inakatwa kwa kisu.

Memsahib amenisifu sana. Habari ya magunia hakuuliza, nami sikusema.

Nimeyatandika juu ya blanketi langu. Sasa hivi nina joto kama ile siagi ya jana.