Fyuzi Mfukoni mwa Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mashine kumi na nne mwezi uliopita! Miaka sita iliyopita mimi na Kaka tulitengeneza moja tu, chini ya turubai, na ilikohoa kuliko ilivyosaga. Leo nina karakana tatu, mafundi hamsini, na kila mashine ya kusaga plastiki inayotoka hapa ina jina langu ubavuni. Kaka ameuliza mbona la kwake halipo. Nikamwambia jina refu linakula rangi. Mafundi walicheka. Naye akacheka — hata kukasirika hajui.

Alhamisi, 6 Machi
Kaka kanichelewesha tena. Plastiki ikikwama kwenye visu, hakuna fundi anayetia mkono mpaka Kaka aje, ang'oe fyuzi kubwa ukutani, aitie mfukoni mwake, aseme, "Ingia." Swichi ipo, wao wanataka mfuko wa Kaka! Dakika ishirini zimekwenda bure. Desturi hii aliianzisha baada ya mashine ya kwanza kumla vidole viwili. Mimi ndiye niliyewasha. Nilidhani amemaliza. Basi! Jina la Nane nilimpa mimi, kwa hesabu ya vilivyobaki, na limemkaa. Hata wanawe wanamwita hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Kwa mama. Eti nisisahau kaka ndiye aliyenishika mkono nikiwa sina kitu. Nikamuuliza, kwa vidole vingapi? Mama akasukuma sahani. Nimekula changu, nikamaliza na chake.

Jumatatu, 10 Machi
Nane nimemhamishia getini. Sare mpya, kofia, filimbi. Wageni wanakuja Ijumaa kuiona mashine kubwa. Wakiipenda wanaagiza arobaini. Arobaini! Siwezi kuwa na mzee anayezunguka na fyuzi kama mganga na hirizi yake. Aliniuliza fyuzi atashika nani. Nikasema swichi inatosha. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yangu. Imechafua karatasi zangu kwa grisi.

Jumatano, 12 Machi
Ananipigia saluti kila asubuhi. Nahisi ananikejeli. Leo nimeingia, nikatoka, nikaingia tena, mara tatu, na honi juu. Amefungua geti mara zote tatu. Raha iliyoje!

Ijumaa, 14 Machi
Wageni wanne. Mashine kubwa ilisaga mapipa matano, wakapiga makofi. Pipa la sita likakwama.

Nikazima swichi, nikamwambia fundi mkuu aingize mkono atoe. Akakataa. Nikamwambia mwingine. Naye hawezi, mpaka Nane ashike fyuzi. Wote wamegoma, mbele ya wageni! Nikatuma mtu getini. Akarudi na jibu: Nane kapewa geti, haliachi. Nikatuma tena, safari hii nikasema tafadhali. Jibu lile lile.

Mkubwa wa wageni akaanza kutazama saa. Nikajichekesha, nikang'oa fyuzi mwenyewe, nikaitia mfukoni. Haya, ninayo, ingieni! Mimi si ndugu yake? Kuna tofauti gani?

Fundi mkuu aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kisha akaificha mgongoni.

Hapo mgeni akauliza, kwa upole kabisa: kama mashine ni salama kama nilivyowaeleza, kwa nini mwenye kampuni asitoe pipa mwenyewe?

Nimesema nafuata simu ofisini. Nimejifungia. Fyuzi iko mezani, juu ya ovaroli yake. Naogopa. Nimeandika, naogopa!

Geti limefungwa, nimelisikia. Hatua zinakuja. Mtu anagonga, taratibu. Ni yeye.

"Nipe fyuzi, mdogo wangu. Vua na saa. Unaingia wewe, nashika mimi."

Wageni wako nyuma yake, nasikia viatu vyao. Saa nimevua. Fyuzi bado sijampa —