Wiki Niliyotembea na Baba

Kwako kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wote wazima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua utotoni kila baridi ikianza kimekuacha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa uzima wenyewe ni wa kusukuma siku. Anwani yako nimepewa na mama mdogo. Tafadhali usimlaumu. Kwanza alikataa katakata, akasema ulimwomba asimpe mtu, na mimi hasa. Nilikaa jikoni kwake mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vyote viwili, ndipo akainuka akaniandikia kwenye pembe ya gazeti.

Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu. Mimi ndiye niliyekuita muuaji mbele ya waombolezaji wa mama, nikiwa bado mtoto wa kusukwa nywele. Mimi ndiye niliyemtuma mtu akuondoe mlangoni siku ya harusi yangu, nawe ukaondoka bila neno, na zawadi yako ukaiacha kwa mlinzi. Kwa hiyo sikuombi uisome kwa moyo mweupe. Naomba tu uisome yote.

Hali ya baba si nzuri. Akili zilianza kumtoka taratibu. Mwanzoni aliniita kwa jina la mama, baadaye kwa jina la shangazi, mwishowe akaacha kuniita kwa jina lolote. Msichana niliyemwajiri amtunze alivumilia sana, lakini baba alipomuuma mkono alifunga virago vyake, nami sikuwa na uso wa kumzuia. Mume wangu ni dereva wa lori, na nyumbani kwake ni mgeni kama wageni wengine. Basi kule kiwandani tunakoshona sare wakazima mashine wiki nzima kwa ajili ya matengenezo, nikabaki na baba peke yangu.

Siku ya kwanza nilifunga mlango kwa ufunguo. Alipiga mbao kwa ngumi, akilalamika kwamba mita za watu hazijasomwa na bosi atakuja juu. Unakumbuka alivyokuwa na kazi yake ya kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na ile ndoano yake ya kuinulia vifuniko. Nilipoona damu kwenye vifundo vya vidole nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikamvika shati lake la kazini, ambalo sasa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari, nikafungua mlango, tukatoka.

Kaka, sikutarajia kufurahi. Nakwambia kama ilivyokuwa, maana ya furaha hiyo utaiona mbele. Kwa miaka mingi njia yangu imekuwa ya kwenda kazini na kurudi, kichwa chini, nikikwepa madimbwi. Sasa nilikuwa natembea mchana kweupe na mzee aliyesimama kila geti kama ana miadi. Alidhani mimi ni mwanagenzi niliyeletwa kujifunza kazi. Alinikaripia kwamba natembea kama bibi harusi, kwamba msoma mita anayeogopa mbwa bora akauze nyanya. Nilicheka barabarani mpaka nikashika ukuta. Sikumbuki lini baba aliwahi kunichekesha.

Yuko mama mmoja dobi, mtaa wa pili kutoka kwetu, ambaye mita yake iling'olewa zamani na shimo likajaa mchanga. Baba alichuchumaa pale, akapangusa mchanga kwa kiganja, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Yule mama aliacha pasi yake, akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu zote, akatupa viti kivulini karibu na mashuka yaliyoanikwa. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya sabuni. Baba alifumba macho. Alipoyafumbua aliniuliza kwa upole kama nimechoka, nami nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba ili asiyaone machozi yangu.

Kinyozi wa kwenye kona, yule ambaye watu humtania kwamba anauza nywele asizokuwa nazo, alimnyoa ndevu bure na kumpaka mafuta. Siku nyingine tulisimama kwenye uwanja wa shule tukitazama wasichana wakicheza netiboli, na baba alipiga makofi kila mpira ulipoingia, bila kujali ni wa upande gani, hata mwalimu wao akatukaribisha tukae kwenye benchi. Jioni ile alikula chakula chake chote. Nilimpeleka kulala, akaniambia nikijitahidi nitakuwa mfanyakazi mzuri. Nilikwenda kitandani na maneno hayo kama mtoto aliyepewa peremende. Mtu mzima mimi.

Lakini kuna barabara moja aliyoikataa tangu mwanzo. Kila tukiikaribia alinivuta mkono tuzunguke, hata kama jua ni kali. Sikuuliza. Mtu wa hali yake ana mengi anayoyaogopa, siku nyingine aliogopa kivuli cha nguzo. Ijumaa mawingu yalikusanyika tukiwa mbali na nyumbani, na njia fupi ilikuwa hiyo. Nikamvuta mimi, naye akafuata huku akiburuta miguu.

Katikati ya barabara hiyo kuna duka la vifaa vya ujenzi, na barazani kwake wanaume hucheza drafti. Walikuwapo siku hiyo, wanne au watano, wakibishana. Baba aliposikia vile vifuniko vya soda vinagongwa kwenye ubao alisimama kama aliyeshikwa shati kwa nyuma. Hakwenda mbele wala hakurudi. Nilimkalisha kwenye tofali zilizopangwa ng'ambo ya barabara, na pale ndipo alipozungumza. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka.

Alisema, "Binti, ukiwa na mgonjwa nyumbani usimwambie mtu nenda, mimi nipo, halafu na wewe ukatoka."

Nilimuuliza ni mgonjwa gani.

"Mke wangu. Ana kifafa, haachwi karibu na jiko. Kijana aliniomba ruhusa akacheze mpira. Nikamwambia nenda, mimi nipo. Nikaona nikanyooshe miguu kidogo. Nikaja hapa. Nilikuwa naongoza, nikasema mchezo huu tu. Niliporudi, alikuwa ameangukia moto."

Halafu akaendelea bila kuulizwa.

"Waliponiuliza, nikasema nilimwachia kijana, akatoroka."

Nilimuuliza huyo kijana alisema nini.

"Alisema kweli. Mara moja. Halafu akamwangalia mdogo wake, alikuwa amenishika mguu analia. Akanyamaza. Hajasema tena mpaka leo."

Nakumbuka mguu huo. Nakumbuka kitambaa cha suruali usoni pangu. Nilikuwa nimemshika kwa sababu nilimwogopa kila mtu mwingine aliyekuwa ndani ya nyumba ile, wewe ukiwa wa kwanza. Na wewe ulisimama pale ukaona kwamba mama ameshakwenda, na kwamba mzazi aliyebaki ni huyo niliyemng'ang'ania, ukaniachia yeye. Ulikuwa na umri gani, kaka? Hata ndevu hukuwa nazo.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kugoma.

Baba aliniuliza kama mimi ningefanyaje. Aliniuliza kama mkubwa anayempima mwanagenzi wake. Niliinuka, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Sikukimbia, na hakuna aliyeniita. Nilikata kona, nikaingia kwenye kibanda cha vinywaji, nikaagiza soda, nikakaa. Mvua ikaanza, kubwa, ya kupiga mabati hadi watu wanaongea kwa ishara. Nilijua baba ameketi kwenye tofali bila mwavuli. Nilijua hawezi kukaa mahali pamoja. Nilikunywa soda ile polepole, na ilikuwa tamu, kaka. Katika raha zote ndogo za wiki ile, hakuna iliyokuwa tamu kama ile. Nilipomaliza niliagiza nyingine. Nilikuwa natumaini nikirudi nisimkute.

Sikumkuta.

Wachezaji wa drafti ndio waliomtoa. Alikuwa ameingia kwenye mtaro wa maji ya mvua pembeni ya duka, akipapasa chini kutafuta kifuniko, maji yakampiga mwereka. Mmoja wao aliona shati. Walikuwa wamemlaza barazani juu ya magunia ya saruji nilipofika, midomo imekuwa ya kijivu, mguu mmoja umegeuka upande usiofaa. Wale wanaume walinipa pole. Mmoja alivua koti lake akanifunika mimi, maana nilikuwa nimelowa chapachapa, akasema nisijilaumu, wazee wa hivi huponyoka kama samaki.

Hospitalini waliniuliza ilikuwaje. Nikasema nilikwenda kumnunulia kinywaji, nikageuka, hayupo. Uongo ulitoka mdomoni bila kujikwaa hata kidogo, na nikiwa bado nausema nilijua nimeurithi kwa nani.

Nyonga imevunjika, na maji machafu yamemwingia mapafuni. Daktari alieleza kwa upole kwamba mtu wa umri wake na hali yake hawamlazi kwenye meza ya upasuaji. Walimweka siku chache, wakanirudishia na dawa za maumivu, na kwenye cheti hawakuandika tarehe ya kurudi. Sasa amelala chumba cha mbele. Hataji mita tena, wala hataji kitu. Mimi humgeuza asichubuke mgongo, humlisha uji kwa kijiko, humfuta. Siwezi kukwambia kwamba namchukia, na siwezi kukwambia kwamba nimemsamehe. Nikijaribu kulifikiria hilo, inakuwa ni saa ya kumgeuza.

Jumapili baba mdogo alikuja kumwona pamoja na jamaa wengine wa ukoo, sebule ikajaa. Niliona nikinyamaza siku hiyo sitasema tena maisha yangu yote. Nikawaambia. Niliwaeleza aliyosema baba kuhusu ruhusa, kuhusu drafti, kuhusu wewe. Baba mdogo alinisikiliza akiangalia viatu vyake, kisha akasema maji yakishamwagika hayazoleki, na mgonjwa hasemewi mambo ya namna hiyo akiwa amelala chumba cha pili. Nikamjibu kwamba yaliyomwagika siku ile hayakuwa maji. Alichukua kofia yake akaenda, na hajarudi. Mama mmoja, ambaye ndiye aliyekutemea mate siku ile ya mazishi, unamkumbuka, aliniuliza kwa sauti ndogo kama uko hai. Nikasema uko hai. Akafunika uso kwa mtandio.

Kwa hiyo sasa wanajua. Hata asiyetaka kujua amesikia. Jambo hilo nilipaswa kukufanyia zamani, na sidai shukrani.

Ila ya baba nimeyasema, yangu nimeyaficha. Hakuna anayejua kuhusu soda zile mbili isipokuwa wewe. Mume wangu amerudi juzi, anasema nimekonda kwa kumuuguza mzee, majirani wanasema nina moyo wa dhahabu, na mimi naitikia. Nimekuandikia wewe kwa sababu katika ukoo mzima wewe ndiye pekee unayejua uzito wa kubebeshwa kosa ambalo si lako, na niliona vibaya nikuondolee mzigo huo mbele za watu huku nikikuficha kwamba mimi mwenyewe ninao wangu, tena wa haki. Baba alimwacha mama kwa sababu alisahau. Mimi sikusahau. Ukiamua kuniita kwa jina lile nililokuita, sitabisha.

Ukitaka kumwona akiwa bado anapumua, usichelewe sana. Hatakujua, na huenda ukasimama kando ya kitanda usione cha kusema. Usipotaka, nitaelewa, nitamzika mwenyewe, na hakuna atakayethubutu kuuliza uko wapi. Sikuiti kwa ajili yake, wala sikuiti kwa ajili yangu. Nakwambia tu kwamba hakuna tena mtu mlangoni wa kukuzuia.

Naishia hapo, maana nasikia anakohoa. Mume wangu anakusalimu, ingawa hamjawahi kushikana mikono. Mama mdogo anakusalimu sana, anasema usimkasirikie kwa ile anwani. Nisalimie wifi, umwambie namwomba radhi kwa kuwa hata jina lake sijawahi kuliuliza. Mama mdogo ameniambia mna watoto watatu na kwamba wa mwisho ni msichana. Wabusu wote. Waambie wana shangazi.

Ni mimi,
mdogo wako.