Hestia, na Sababu ya Mimi Kutoolewa

Jumatano. Baridi ya Juni imeishika Lubumbashi, na vumbi jekundu limeingia hata chini ya blanketi langu. Daktari ameacha kunidanganya, basi nami niache.

Nilifundisha Kigiriki na Kilatini katika shule ya masista mpaka macho yalipokataa. Kila mwaka wasichana walimpenda Afrodite kwa uzuri wake na Athena kwa akili na mkuki. Tukifika kwa Hestia, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, ukurasa ulikuwa mfupi. Mmoja aliniambia, "Madame, uyu hana hadithi. Anaikalaka tu ku nyumba." Darasa lilimcheka mungu huyo wa kukaa nyumbani tu, nami nikacheka nao.

Lakini huyo ndiye niliyempenda.

Miungu wawili, Poseidon na Apolo, walimposa. Yeye akaweka mkono juu ya kichwa cha Zeus, mfalme wa miungu, akaapa kwamba hataolewa kamwe. Zeus hakumwadhibu, alimpa mahali pa katikati ya nyumba. Wagiriki walimmiminia tone la kwanza la divai na tone la mwisho, na waliokwenda kuanzisha mji mpya walibeba moto wake. Sanamu zake ni chache sana. Sidhani alizihitaji.

Nilimwelewa upesi kwa sababu ya mbabula, jiko letu la makaa. Baba alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na katika kambi yetu mama alikuwa wa kwanza kuwasha. Alfajiri majirani walikuja na vipande vya bati kuomba kaa moja. Nilipokua, kazi hiyo ikawa yangu. Niliwatazama wakiondoka na mioto yao midogo, nikajiona tajiri. Sikuwahi kutamani kuwa mahali pengine.

Watu wanaijua hadithi nyingine. Mama alitangulia, kisha baba, nikabaki na wadogo watatu. Mfanyabiashara mmoja wa Kivu, mtu mwema mwenye malori, akaniposa, nikamkataa ili niwalee. Ndivyo inavyosimuliwa kwenye harusi na matanga. Mimi niliyesahihisha kila kitu, hiyo sikuisahihisha.

Ukweli ni kwamba sikutaka kuolewa, na baba alikuwa amekwisha kumkubali mtu yule. Baba alipokufa nililia kama wengine, na ndani ya kilio nikahisi nimefunguliwa: sasa nilikuwa na sababu ambayo shangazi yeyote asingeweza kuipinga.

Nilifarijika, na baba alikuwa bado hajazikwa.

Leo mdogo wangu Anaclet amekuja kutoka Kipushi. Siku hizi ana mvi kunizidi. Jumapili hii, siku ya Mungu, padri atakuja hapa nyumbani kunipa mpako wa wagonjwa, na ukoo wote utakuwepo.

"Yaya, siku ya Mungu nitasimama mbele ya bantu bote niombe pardon," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Sisi njo tulikula maisha yako."

Sikuweza kumwacha apige magoti kwa kosa lisilokuwepo. Nikamweleza yote, hata la kilio.

Akaweka kikombe cha chai chini. "Kumbe ulipenda tu mbabula yako."

"Niliipenda."

"Na miye nilikatala masomo ya Ulaya juu yako. Nilizani siwezi kukuacha, weye uliacha bwana juu yangu."

Kwamba alikataa kwenda kusoma Ulaya kwa ajili yangu, hilo sikulijua. Wakati ule alituambia kwamba nafasi ile imefutwa, na mimi nikamwashia mshumaa kanisani.

"Ningekuambia uende," nikasema.

"Najua. Njo maana sikukuuliza."

Hakumaliza chai yake. Alisema barabara ya Kipushi ni mbaya jioni, akachukua kofia, akanishika bega, akaondoka.

Nilitumaini ukweli ungempunguzia mzigo. Nimempa mwingine, mzito kuliko ule wa kwanza, na katika umri ambao hawezi tena kuufanyia lolote. Waliobeba moto wa Hestia mpaka miji mipya wanasimuliwa hadi leo. Waliobaki kwa kuogopa kumwacha peke yake, hakuna aliyewaandika. Je, yeye aliwahi kuwaona?

Mimi sikumwona wangu aliyebaki, naye alikuwa akila mezani pangu.

Jumapili nitamtangulia kusimama. Anayestahili kuombwa msamaha ni yeye. Miguu ikikataa, nitauomba nikiwa nimekaa.