Chumba cha Mwenye Nyumba

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na geti halijakusumbua. Ufunguo wake unataka kuinuliwa kidogo ndipo ukubali. Mimi sijambo, ni nyonga tu inayonitawala. Daktari kasema nikae huku kwa kaka yako mpaka nitembee bila gongo. Kaka yako naye kaanza wimbo wake: tuuze nyumba, dalali ana mteja. Nimemwambia wewe utaiangalia. Wapangaji wakibaki, nyumba inabaki. Wakianza kuhama, sitakuwa na la kumjibu.

Sasa nisikilize. Anayetaka chumba usimpe kwa sababu kavaa vizuri. Mtembelee anakoishi sasa, uone anavyotunza mali ya mwenzake. Ndugu akija kupanga naye aandikiwe mkataba, hata kama mmenyonya ziwa moja. Paa likaguliwe jua likiwaka, maana mvua ikishaanza kila fundi anakuwa mheshimiwa. Na mpangaji akigonga mlango wako kwa shida ya nyumba, asigonge mara mbili.

Wewe lala chumba changu cha nyuma. Cha mbele, chenye madirisha mawili, kipangishe.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Nyonga inasemaje? Huku wapangaji wote wazima na wanakuulizia, hasa nesi na fundi cherehani.

Usinikasirikie, lakini chumba chako kimenishinda. Ukuta umepakana na vyoo, chemba ya maji taka iko chini ya dirisha, na tangi likijaa linamwagikia mlangoni. Mwenye nyumba unaishije humo huku wapangaji wako wanakaa kifalme? Nimehamia cha mbele kwa muda. Kina hewa, kinaona barabara, hata dalali akipita ananiita mama mwenye nyumba. Usicheke. Nakuheshimu sana, ila hili lako sikulielewa.

Binti wa kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata na afya si mbaya, sasa najikongoja mpaka dirishani. Umehama, sawa, mgongo ni wako. Ila umeniandikia habari za barabara, za chemba hujaniandikia. Ikoje?

Shangazi yako


Tarehe 21 Mei

Shangazi, shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu.

Nimechelewa kujibu kwa aibu. Chemba iliziba tangu mvua za mwanzo. Wapangaji waligonga, nikawaambia fundi bomba anakuja kesho, na kesho ikawa ya kila siku, kwa sababu kule mbele harufu haikunifikia. Wakagonga tena. Dalali akamleta mteja wake, wakazunguka uani wameziba pua huku wanatabasamu. Kisha nesi akaja kuniaga. Fundi cherehani alikuwa ameshafunga vitambaa vyake kwenye maboksi.

Nikamuuliza nesi kama ulipokuwepo wewe walikuwa wakigonga hivi. Akanijibu taratibu, "Mama hatukuwa na haja ya kumgongea. Alikuwa anajua kabla yetu."

Nilisimama uani nikakitazama chumba chako, ndipo nikaelewa. Miaka yote umeweka kitanda pale ambapo nyumba huanzia kuugua. Tangi likivuja linaanza na wewe, chemba ikiziba unaamka nayo. Mimi nilidhani unajibania. Shangazi, sijawahi kumvulia mtu kofia kama nilivyokuvulia wewe siku ile.

Nilibeba godoro nikarudi nyuma. Asubuhi nilimfuata fundi bomba kwake kabla hajanywa chai, nikasimama naye mpaka maji yakaenda. Alitoa matambara, vifuniko vya chupa na kijiko ambacho hakuna aliyekubali kuwa ni chake. Kisha nikapiga deki ua mzima, maana maneno ya kuwabembeleza sikuwa nayo. Nesi amebaki. Fundi cherehani amefungua boksi moja. Mengine anasema anangoja aone.

Binti wa kaka yako


Tarehe 10 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, wewe je, unalala? Barua yako nimemsomea kaka yako kwa sauti, akaniomba nimsomee tena. Daktari ameniruhusu. Narudi. Nisafishie chumba changu.

Shangazi yako


Tarehe 24 Juni

Shangazi, shikamoo, na pole kwa habari hii: chumba chako kina mtu. Ni mimi, na sihami.

Boksi la mwisho limefunguliwa, cherehani inalia kutwa. Cha mbele wamekitaka watu wazuri, mmoja nilimtembelea mpaka kwake, nikamkatalia. Nimekiwekea kitanda kifupi kwa ajili ya nyonga yako na kiti kando ya dirisha la barabarani. Umewalaza wenzako pazuri vya kutosha. Mkataba nimeuambatanisha, maana ndugu naye huandikiwa.

Binti wa kaka yako


Tarehe 5 Julai

Mwanangu,

Sijambo, kupita ulivyoniacha. Mkataba nimetia saini. Kaka yako kausoma, kacheka, kisha kampigia dalali amwambie nyumba haiuzwi. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Nakuja Jumamosi. Ila nakuonya mapema, mimi nitakuwa mpangaji mkorofi. Nikigonga, nitagonga mara moja tu.

Wako,
Mpangaji wa chumba cha mbele