Mlango wa Boma la Mwita

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuta barua pepe mia mbili na kumi kabla ya kufungua duka. Chai imepoa. Kamari, mikopo ya haraka, dawa za nguvu za kiume, mjane wa ng'ambo anayetaka kunirithisha mali. Wote wananiita kwa jina, Adhiambo mpendwa.

Kosa ni langu. Miaka tisa naendesha saiba, duka la intaneti, hapa Migori, na mteja akija bila anwani ya barua pepe nilimwandikia yangu. Foleni ndefu, stima inapotea, na mtu mwenyewe hataki paswadi, anataka karatasi. Sasa nusu ya mtaa ina anwani moja na anwani hiyo ni mimi. Vyeti vya kuzaliwa, maombi ya kazi, leseni, nafasi za shule za watoto. Jana kanisani, wakati wa kupeana amani, mama mmoja alinishika mkono akauliza, "Madam, sijaitwa?"

Dada yangu Achieng' ameniwekea chumba Homa Bay. Nilisema nitahama Krismasi. Sasa nasema Pasaka. Siwezi kuifunga hii anwani hata siku mbili. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Barua tisini tu leo. Siku nzuri.

Niandike jinsi milango inavyofanya kazi, maana nikifa hakuna atakayejua. Tangu mwaka jana simpi mtu anwani yangu tupu. Baada ya jina langu naweka alama ya kujumlisha, kisha neno nililochagua mwenyewe, kisha sehemu ya mwisho ileile ya siku zote. Barua bado zinaingia kwenye sanduku langu moja, lakini kila moja inaonyesha imepitia neno gani. Hilo neno naliita mlango. Mlango ukianza kuleta takataka, najua ni nani aliyeisambaza anwani, na naweza kuufunga. Natoa amri mara moja: chochote kitakachopita hapo kiende moja kwa moja kwenye pipa. Milango mingine haisikii kitu.

Nimegawa kwa boma, si kwa mtu. Hapa nani hujitaja peke yake? Anakuambia, mimi ni wa kwa fulani, na umeshamjua baba, mama, mpaka kisima chao. Daftari langu limejaa majina ya maboma. Najivunia, niseme ukweli.

Mlango wa kwaya unaleta kamari tupu. Namshuku mweka hazina. Sitasema.

Ijumaa, 7 Machi

Mlango wa Mzee Mwita umenishinda. Ana kinu cha unga Isebania na shimo la dhahabu Masara. Barua mia tatu kwa siku moja! Mashine za kuponda mawe, mashine za kuosha mawe, saa za mkono, mapazia.

Nimempigia simu. Kumbe ameichora anwani kwenye ukuta wa kinu. Rangi nyekundu, kubwa kuliko bei ya unga, inatazama barabara ya malori yanayovuka mpaka kwenda Sirare, Tanzania. Madereva wanapiga picha na kuzisambaza mtandaoni.

"Si ni yangu, madam? Wewe ndio ulinipea," akasema, akicheka kama mtu aliyenunua ploti.

Nimeufunga mlango wake saa nne asubuhi. Kimya. Nimekunywa chai ikiwa moto kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 17 Machi

Robi amekuja. Ni binti wa mwisho wa Mzee Mwita. Mwezi wa kwanza tulimwombea nafasi ya uuguzi katika chuo kimoja Homa Bay, hapa hapa dukani, kompyuta ya pili kutoka mlangoni. Tangu hapo anasubiri huku akiosha mchanga kwenye shimo la baba yake. Mikono imebabuka. Ameniambia mzee ameweka mpaka: mwezi huu ukiisha bila barua, anakwenda Sirare kukaa na shangazi yake na kumsaidia kuuza dukani, na habari ya chuo isisikike tena.

Nimeangalia sanduku. Hakuna. Nimemwambia hakuna.

"Sawa, auntie. Labda wiki hii."

Hakuniuliza mara mbili. Wengine hubishana, huniambia niangalie vizuri. Yeye ananiamini tu.

Alhamisi, 20 Machi

Robi tena, viatu vyekundu kwa udongo wa Masara. Stima imepotea tukiwa katikati ya kuangalia, tukaendelea kwa simu yangu. Hakuna. Anasema wenzake wawili wa darasa wameshaitwa. Nikamwambia vyuo huita kwa zamu. Sijui hilo nimelitoa wapi.

Amekaa kidogo kwenye kiti, akaondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeiona.

Nilikuwa natafuta risiti niliyoifuta kwa bahati mbaya, nikafungua pipa. Katikati ya mashine na mapazia, barua ya chuo. Ya tarehe 12. Amekubaliwa. Athibitishe kabla ya Ijumaa tarehe 21 jioni, la sivyo nafasi apewe mwingine. Na nyingine ya tarehe 19, ya kumkumbusha.

Zote zimepita mlango wa Mwita. Mwezi wa kwanza niliandika boma, kama kawaida yangu. Robi ni wa kwa Mwita. Nilipoufunga mlango kwa sababu ya ukuta wa baba, nilimfungia na binti.

Alhamisi alipokaa kwenye kile kiti, barua zote mbili zilikuwa humu. Siku moja ilikuwa imebaki. Ningebonyeza mara mbili tu.

Nimezitoa barua kwenye pipa, nimeufungua mlango, nimewaandikia chuo kuwaomba. Limekuja jibu la mashine: tumepokea ujumbe wako.

Jumanne, 25 Machi

Hakuna jibu. Simu ya chuo inalia, haishikwi. Kila mteja anayesema "sijaitwa?" nafungua pipa kwanza. Nimerudisha chenji vibaya mara mbili. Mmoja ameniuliza kama nina malaria.

Nimekubali kwa haraka. Malaria, ndiyo.

Jumatano, 26 Machi

Mzee Mwita amekuja mwenyewe kutoka Isebania. Ameleta mkungu wa ndizi na unga wa wimbi. Ameweka kofia magotini.

"Madam, wewe umetusaidia sana. Kama chuo imekataa, hiyo si makosa yako. Jumatatu huyu msichana anavuka Sirare."

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Fupi. Ilikataa kutoka. Badala yake nikasema Ijumaa nimpeleke Robi Homa Bay tukaulize ana kwa ana, nauli juu yangu. Mzee akanibariki. Alisimama kabisa, akaweka mkono wake kichwani kwangu, mimi mwongo.

Ningeweza kufunga duka leo, nihamie kwa Achieng', nibadilishe simu. Nimewaza hivyo kwa dakika nzima. Lakini wote wamo ndani ya sanduku langu, na mimi nimo pamoja nao. Hakuna pa kutokea.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Ndizi ziko chini ya meza. Siwezi kuzila.

Ijumaa, 28 Machi

Nimerudi. Niandike yote.

Nilipanga kumwambia Robi njiani. Tulipofika Rongo sikuwa nimesema. Aliniuliza naendeshaje barua za watu wote wale, nikaona afadhali niongee, nikamfundisha milango. Alama ya kujumlisha, neno, amri, pipa. Alielewa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza. Kisha akauliza:

"Na ukimfungia mtu, yeye anajua?"

Nikasema hajui. Anaona kimya tu.

Nilijisikia nikilisema. Bado sikumwambia.

Ofisini kulikuwa na mama wa usajili, mpole, miwani kwenye kamba. Alitafuta jina, akageuza kompyuta ituangalie. "Tulikuandikia mara mbili, binti yangu. Tukangoja." Robi alisoma barua yake mwenyewe kwa mara ya kwanza pale, mbele ya wageni. Kisha akaweka kidole kwenye anwani. Jina langu. Alama. Mwita. Alikaa na kidole pale.

"Uliifunga lini?"

"Tarehe saba."

"Kwa hivyo ile Alhamisi barua ilikuwa ndani."

"Ndiyo."

Hakulia. Afadhali angelia.

Nafasi imeshachukuliwa. Msichana mwingine ameripoti na godoro lake. Mama wa usajili alisema kuna kundi la Septemba, na jina la Robi ataliweka juu kabisa, lakini anataka anwani ya Robi mwenyewe. "Si ya saiba. Hizi za saiba zimetusumbua sana." Alisema hivyo akiniangalia bila kunijua.

Robi alitoa simu, akakaa kwenye benchi la nje, akafungua anwani yake. Nusu saa. Mtandao wa pale ni wa kuvizia. Alipofika kwenye paswadi aligeuza bega ili nisione. Alifanya sawa. Iliniuma hata hivyo.

Tulipita kwa Achieng' sokoni, karibu na ziwa, anapouza samaki. Alituwekea samaki wa ngege na ugali. Robi alinawa mikono, akakaa, hakugusa. Achieng' hakuhitaji kuambiwa kwamba kuna jambo. Aliniuliza kwa Dholuo, polepole, kama baba wa huyu mtoto anajua. Nikasema bado. Akafunika sahani yangu na kusema basi mimi sina la kufanya hapa, niende kwa baba yake.

Jumamosi, 29 Machi

Isebania. Nilifika saa tatu. Nilidhani nitakuta mzee ameshasikia. Robi hakuwa amesema neno. Aliniachia.

Ukuta ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Anwani yangu inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, imepakwa kwa uangalifu, na ile alama ya kujumlisha imechorwa kama msalaba wa kanisa. Mtu aliipenda kazi ile.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kinu kilikuwa kinanguruma, mzee akamwashiria mtu akizime, ikabidi niseme upya katika ukimya, wanawake wenye madebe ya mahindi wakisikia. Barua ilikuja. Ilikuja mara mbili. Mimi niliitupa.

Mzee alitazama ukuta. "Kumbe ni hii rangi yangu."

Nikasema hapana, mzee, si rangi. Ni mimi niliyeweka watu wote wa boma kwenye anwani moja.

"Si boma ni moja? Ungetugawa aje?"

Hakunipigia kelele. Ningeweza kubeba kelele. Aliuliza Septemba hiyo itapitia kwa nani. Nikasema kwa Robi mwenyewe, ana anwani yake, mimi siijui. Kuhusu Sirare hakusema ndiyo wala hapana. Mwisho akasema, "Rudi tu nyumbani, madam," kwa adabu yake ileile, akaingia ndani, kinu kikawashwa.

Robi alikuwa kisimani. Aliniona. Akaendelea kuteka maji.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Ningeulizwa.

Jumatatu, 31 Machi

Barua mia na arobaini. Nyingi ni za mlango wa Mwita. Sijaufunga. Nimezisoma moja moja, mashine, mapazia, saa, ndipo nikazifuta. Nimetumia saa mbili.

Nimeanza kuwaita wateja kwa daftari. Kila mtu afungue anwani yake, aandike paswadi mwenyewe, mimi nimegeukia ukutani. Wanne leo. Mmoja amekasirika, anasema namfukuza. Mmoja alitumia tarehe ya kuzaliwa ya ng'ombe wake. Kwa mwendo huu nitahama Homa Bay nikiwa bibi kizee.

Dereva mmoja wa lori aliyekuja kuchapisha karatasi zake za mpakani ameniambia ule ukuta wa kinu Isebania umepakwa chokaa. Mweupe wote. Hata bei ya unga haipo.

Saa tisa imeingia barua kutoka anwani nisiyoijua. Nusura niifute.

"Auntie, baba amesema ningoje Septemba. Sirare siendi. Chuo wanataka nakala ya ile barua ya kwanza. Nitumie, lakini tumia anwani hii hapa chini. Robi."

Anwani ya chini haikuwa ile aliyotumia kuniandikia. Ilikuwa na jina lake, kisha alama ya kujumlisha, kisha Adhiambo.

Nimeiangalia muda mrefu. Hakuna mwingine duniani mwenye mlango huo. Na siku atakayoufunga sitajua, nitaona kimya tu.

Nimeambatisha barua ya tarehe 12. Nimeandika, "Hii hapa, Robi." Nilitaka kuongeza mengine, nikayaacha. Nimetuma.

Kisha nimekaa mbele ya kompyuta kuona kama barua itarudi kwa kosa la anwani. Haikurudi. Nimekata ndizi moja kwenye ule mkungu, nimeila.