Mujomba Asiyebeba Mutoto

Kibua, wakati wa mvua

Kwa Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo, wewe huko Nyabiondo na sisi huku. Goti lako linaendelea namna gani? Mara ya mwisho ulisema likipata baridi ya asubuhi halitaki kuinuka. Na Koko, bibi yetu, bado anakohoa? Mupe pole yangu, umwambie nimemupatia asali ya pori. Valens ataileta pamoja na hii barua, kama chupa haitapasuka njiani na ile moto yake, pikipiki isiyo na breki. Tulisikia kwamba mulirudi mashambani na kwamba maharagi yamekubali mwaka huu. Tulimushukuru Mungu, hata Édouard alivua kofia.

Najua unasoma polepole, vile wamama wa parokia walikufundisha, kwa hiyo nimeandika herufi kubwa. Nakuomba usimupe muntu mwingine akusomee, hata Koko. Nilijaribu kukupigia simu, lakini hapa reseau inapatikana tu juu ya mulima, na pale juu watu wanasimama bega kwa bega, kila muntu anasikia mambo ya mwenzake. Haya si maneno ya kupigia kelele mulimani.

Sisi tuko. Édouard, bwana yangu, anakusalimia sana. Amefungua shamba jipya la muhogo ng'ambo ya muto, na siku zingine anaingia pori kutega. Mujukuu wako Léontine sasa anakaa bila kushikwa, ana meno mawili chini, na anacheka na kila muntu, hata na mbuzi. Paji lake la uso ni lako kabisa. Mama mukwe wangu anasema mutoto amefanana na upande wao, nami ninamuachia.

Sasa nikuambie juu ya Thierry.

Alipofika kwetu mwanzo wa kiangazi tulifurahi. Ulituambia mudogo wangu anakuja kutafuta kazi, na kazi alipata. Anabeba mbao toka pori mpaka barabarani, na akirudi anamusaidia Édouard shambani bila kuombwa. Ana mikono ya akili. Alinitengenezea mulango wa jiko, na kitanda cha mutoto alikichonga mwenyewe kabla sijazaa. Majirani walianza kuniambia kwamba nimebarikiwa kuwa na ndugu kama huyo.

Lakini kulikuwa na vitu. Hakuli pamoja na sisi. Anachukua sahani yake, anaenda nyuma ya nyumba, anageukia ukuta. Kwa hilo sikushangaa, kwa sababu hata nyumbani alikula hivyo, na mimi nilifikiri ni tabia yake tu. Mulango ukifungwa hawezi kulala. Hata mvua ikiingia ndani, lazima ubaki wazi kidogo. Siku moja nilikuwa nakaanga pilipili, moshi ukajaa jikoni, sisi wote tukaanza kukohoa na kucheka. Thierry akatoka mbio, akatapika kwenye majani, akatetemeka kama muntu wa malaria. Nilimuuliza ana nini. Akasema si kitu, amechoka.

Mutoto alipozaliwa njo mambo yaliharibika. Unajua huku Walikale mujomba si muntu mudogo. Mama mukwe alipika, akaita watu wa ukoo, akamwambia Thierry akae kwenye kiti, apokee mutoto mikononi na amubariki mbele ya wote. Thierry alisimama akaweka mikono nyuma. Akasema hawezi. Walicheka kwanza, wakifikiri ni haya ya kijana. Mama mukwe akamusogezea mutoto, naye akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mugongo ukagonga ukuta, kisha akapita kati ya watu na kutoka. Mama mukwe alisema baadaye kwamba ndugu yangu amedharau damu yao. Na Édouard, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, aliniuliza kama sisi watu wa Masisi tunawaona wao kuwa nyama za pori.

Nyumba yetu ilikaa namna hiyo miezi. Thierry alipasua kuni za wote, akateka maji ya wote, na hakuna aliyemusemesha. Nami nilimukasirikia, Mama. Nilimwambia kama mutoto wangu anamuchukiza, njia ya Nyabiondo anaijua. Alichukua ndoo akaenda kisimani.

Kisha Léontine akapata homa. Ilikuwa asubuhi ya soko. Alikuwa moto kama jiwe la jikoni, macho yanageuka. Nilimufunga mugongoni nikakimbia kituo cha afya, nikapita mbele ya Thierry akiwa anapasua kuni. Aliangalia mutoto, na shoka likaanguka toka mikononi mwake. Muganga alisema ni malaria kali, akamuwekea serumu ya maji mukononi, tukabaki pale. Mchana Édouard alikuja kutuona, akanong'ona kwamba Thierry haonekani. Ameacha nguo zake zote, na viatu amevipanga vizuri kando ya mulango. Vile viatu njo vilimuogopesha bwana yangu. Hakungoja hata kunywa maji. Alichukua mbwa wake akaingia pori.

Alimukuta kesho yake, mbali sana, upande ambao hata wawindaji hawaupendi, karibu na maporomoko. Sitakuandikia kila kitu ambacho Édouard aliona. Nitakuambia tu kwamba mutoto wako alikuwa ameamua kuiacha hii dunia, na kwamba Mungu alimutanguliza Édouard. Walikaa chini, wote wawili, mbwa kati yao. Kisha Thierry akamuuliza, "Amekufa?" Édouard akamwambia hapana, Léontine anaendelea vizuri, alimuacha akinyonya. Thierry akapumua, akasema, "Basi nilifika mbali ya kutosha."

Édouard hakuelewa. Alimurudisha nyumbani akimushika mukono, na aliponieleza yale maneno, mimi pia sikuelewa.

Pale kituoni kuna dada mumoja, Chantal. Kazi yake ni kusikiliza watu walioumia moyoni, wamama waliotendewa mabaya katika vita, vijana waliotoka katika vikundi vya bunduki. Hachomi sindano. Anakaa nawe kwenye banda la nyuma, na kama hauna neno, anakaa nawe bila neno. Thierry alienda kwake kila juma. Mwanzo aliangalia miguu yake tu, na Chantal aliniomba nisimusukume. Mwezi uliopita Thierry alimwambia aniite. Alitaka nijue, lakini kuniambia tukiwa wawili hakuweza.

Mama, vuta kiti, ukae.

Thierry alisema kwamba ule mwaka Mamy, mudogo wetu, alikufa, mimi nikiwa kwa Koko, alipokuwa bado Ngungu, na Papa akiwa ameenda kwenye machimbo asirudi tena, ulimupeleka kwenye chumba cha maombi. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa anakojoa kitandani na kusema maneno katika usingizi, na yule mama wa maombi alikuambia kwamba ndani ya nyumba yako kuna mukono uliomukula mutoto, na kwamba ni mukono mudogo. Walimufungia. Walimunyima chakula. Walimutia pilipili machoni ili pepo lipofuke. Kila asubuhi walimuuliza kama ni yeye alimukula Mamy, na kila asubuhi alisema hapana, akikusikia wewe ukiimba nyuma ya mulango. Mwisho alisema ndiyo. Pale pale mulango ukafunguliwa, akaletewa bugali na samaki, na wewe njo ulikuwa umeshika sahani.

Alituambia, "Nilisema ndiyo ju ya njaa. Lakini vile nilikuwa nakula, nikaona Mama ananiogopa. Nikajua iko kweli. Mama hawezi kuogopa kitu ya bure."

Tangu siku ile yeye anajua kwamba ni mulozi, muchawi. Usidhani anafikiri tu. Anajua, kama mimi ninavyojua jina langu. Njo sababu anakula peke yake, asije akagusa chakula cha muntu. Njo sababu alitoka Nyabiondo. Mabinti wa jirani walianza kuzaa, naye akawaogopea. Kwetu alikuja bila kujua kwamba nina mimba, na alipoliona tumbo langu alitaka kurudi siku ile ile, lakini nilikuwa nimefurahi sana kumuona, akashindwa. Kwa hiyo aliweka mikono nyuma. Watu walisema anamudharau mutoto, kumbe alikuwa anamuchunga. Na homa ilipomushika Léontine, aliona ni yeye tena, hata bila kumugusa, na kwamba dawa imebaki moja tu, yeye kwenda mbali ambako hakuna kurudi.

Nililia mpaka Chantal akatutoa inje tupate hewa. Nyumbani nilimwambia Édouard, na Édouard akamwambia mama yake. Saa ya kula yule mama mukwe wangu mukali alipakua bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja kubwa, akaenda nyuma ya nyumba, akajishusha chini karibu na Thierry, akaanza kula toka sahani ile. Thierry alikaa muda mrefu bila kugusa. Kisha akamega tonge moja. Siku hizi wanakula hivyo, wawili, wakigeukia ukuta. Lakini mutoto bado hamubebi. Léontine anamutambaia anacheka, naye anapanda juu ya benchi kama muntu aliyeona nyoka.

Nilimwambia hakumukula muntu. Nilimwambia Mamy aliuawa na homa kama ile ya Léontine, tofauti ni kwamba mwaka ule barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa na risasi. Chantal alimwambia pia. Muganga alimuonyesha hata mbu. Anatusikiliza kwa heshima, na mwisho anatikisa kichwa. Aliniambia, "Wewe ulikuwa Ngungu. Mama njo alikuwa pale."

Na wewe, Mama, unajua. Mimi ningeweza kudhani kwamba mpaka leo unaamini mambo ya kile chumba, lakini nakumbuka siku tulivuna maharagi, mwaka wa kuolewa kwangu. Uliniambia kwa mudomo wako kwamba Mamy alikuwa na homa, kwamba ulimubeba mpaka kwenye kizuizi, askari wakakurudisha, na alikufia mugongoni mwako ukipanda kilima. Ulisema kama barabara ingekuwa wazi angekuwa binti mukubwa. Mimi uliniambia homa. Thierry alikuwa mustari wa pili, anavuna, hakusikia. Kwake haukusema hata siku moja.

Siandiki kukuhukumu. Mimi pia ni mama sasa. Ile asubuhi mutoto wangu akigeuza macho, kama muntu angenionyesha kidole na kusema yule pale njo anamumaliza, sijui mikono yangu ingefanya nini. Wewe ulikuwa peke yako, bila bwana, na maiti mugongoni, na walikupatia muntu wa kulaumu. Naamini ulipoacha kuamini, haya ilikufunga mudomo, ukaona ni heri kunyamaza, mutoto atasahau. Hakusahau. Alikua nayo kama muti unaokua na musumari ndani.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usilete kuku, usilete nguo za mutoto, usimulete muchungaji wala muntu wa kukusindikiza kwa maneno. Barabara ni mbaya, lakini Valens amekubali kukubeba polepole kwa ajili ya goti, atasimama kila ukichoka. Utalala kwangu. Hakuna atakayekuuliza kitu. Mama mukwe ameniahidi. Utakaa karibu na Thierry na kumwambia vile ulivyoniambia mimi kwenye maharagi, homa, kizuizi, kilima, yote. Sisi tumemwambia na hatuwezi kumufungulia. Mudomo uliomufungia njo utakaomufungua. Kama utalia, ulie mbele yake. Kama utamuomba samahani, hilo ni lako na lake, mimi nitatoka na mutoto.

Chantal amenionya kwamba hata ukija, hatapona siku hiyo. Itachukua muda, na kuna asubuhi atarudi chini tena. Nakuambia ili usije ukifikiri ni kama kumufungua mbuzi. Lakini uje kabla ya mvua kubwa kukata njia.

Musalimie Koko, na wamama wote wa kwaya, na shamba letu la kilimani. Édouard na mama yake wanakupa mukono. Léontine ameshika kalamu mara mbili, kwa hiyo ukiona mistari iliyopinda chini ya karatasi, ni yeye anakusalimia.

Thierry pia nilimuuliza nikuandikie nini toka kwake. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema nikuulize hivi: tangu atoke, nyumbani hakuna aliyekufa?

Hilo sikulijibu. Nimekuachia wewe.

Ni mimi mutoto wako anayekupenda,

Mapendo