Rosa Hakusema Uongo

Jumapili, saa tisa mchana. Joto la leo limenikalia kichwani. Nimetoka kanisani kabla ya matangazo, jambo ambalo sijalifanya tangu niokoke, nikasingizia tumbo. Tumbo halina neno. Sikutaka kukaa benchi moja na Rosa.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Nafua mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na moja huu. Rosa ndiye tunayekunja naye. Shuka la kitanda halikunjwi na mtu mmoja: mnashika ncha, mnavuta, mnasogeleana, mnavuta tena. Miaka yote hiyo wa ncha ya pili amekuwa yeye. Mimi namwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, yeye ananiita nyar Uyoma, kila mtu kwa jina la kwao.

Mnajua pia habari ya mikono yangu. Dawa ya kufulia imeila. Daktari aliitazama akaniambia nitoke kwenye maji, la sivyo ngozi haitapona tena. Ndiyo maana notisi ya nafasi ya msimamizi wa stoo ya mashuka ilipobandikwa, kazi ya kukaa pakavu na daftari na funguo, niliingia chooni nikalia kwa furaha. Walitaka mtu ambaye tayari anafanya kazi hapo, na afanye mtihani wa kufikiri.

Nilimwambia Rosa kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulikuwa tunakunja. Akavuta ncha yake, akasema, "Nyar Uyoma, andika jina. Usipoandika wewe, mimi nitaandika langu."

Mimi nikasikia nini? Nikasikia: ukiandika, nakuachia.

Nikaandika.

Huo mtihani ulinitesa. Shule niliishia darasa la nane. Binti yangu Akinyi, anayefundisha Busia, alinitumia karatasi za mazoezi, na kulikuwa na aina moja ya swali iliyonishinda wiki mbili nzima: kutofautisha jambo la lazima na jambo linalotosha. Nilikuwa nayachanganya kila mara. Mpaka siku moja nikayaweka kwa mashuka. Hakuna shuka linaloingia stoo kabla ya kukauka. Sawa. Hili hapa limekauka. Je, litaingia stoo? Huwezi kusema. Pengine lina doa la damu na linarudi kwenye maji. Kukauka ni lazima, lakini hakutoshi. Ila ukilikuta tayari liko stoo, hapo unaweza kusema bila wasiwasi kwamba lilikauka.

Jamani, niliona mwanga. Nikamweleza Rosa siku hiyohiyo, maana jambo halinikai mpaka nimweleze mtu. Akasikiliza vizuri sana. Akaniuliza, "Na nikisema mvua ikinyesha sitakuja, nimesema isiponyesha nitakuja?" Nikamwambia hapana, hujasema hilo, na hapo ndipo watu wengi wananaswa. Akacheka, akasema nikiikosa hiyo kazi basi hospitali nzima haina macho.

Wiki ya mtihani tulikutana kwa maombi ya akina mama kule Obunga. Rosa akaniwekea mkono begani akaniombea mpaka jasho likamtoka.

Mtihani ulifanywa kwa makundi mawili, kufuatana na zamu. Mimi nilikuwa wa asubuhi. Nilitoka nikimshukuru Mungu, nikamkuta Rosa langoni, nikadhani anangoja zamu tu, maana siku hiyo alikuwa amepangiwa mchana. Nikamsimulia kila kitu. Swali la maktaba na kadi, swali la madereva, hata lile ambalo nilijua nimelikosa nilimwonyesha mahali nilipopotea.

Sijui kama kutoa maswali ni dhambi. Naliandika hapa kwa sababu sijalisema kwa mtu. Nilidhani napiga hadithi na rafiki. Sikujua kwamba baada ya saa moja ataketi mbele ya karatasi ileile.

Ijumaa mama wa ofisi akabandika matokeo. La kwanza jina la Rosa. La pili langu. Nafasi ni moja.

Nilisoma mara tatu. Nikajiambia labda kuna Rosa mwingine, wa jikoni.

Nikarudi kazini, kwa sababu mashuka hayangoji. Naye akaja, akashika ncha yake kama siku zote. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini amenifanyia hivyo.

"Mimi sikukudanganya," akasema. "Nilisema usipoandika, nitaandika. Nilisema ukiandika sitaandika?"

Nikavuta ncha yangu kwa nguvu.

"Wewe mwenyewe ndiye umenifundisha, nyar Uyoma. Na huu mgongo wangu je? Umewahi kuniuliza mgongo unaendeleaje?"

Hakuwa ananicheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Na ni kweli, mgongo wake sijawahi kuuliza. Tukamaliza lile shuka, na mengine sijui mangapi.

Siku mbili nimelizungusha jambo hili kichwani. Kwa sheria za ile karatasi, Rosa yuko sawa. Kama lingekuwa swali, ningemwekea alama ya vyema. Lakini karatasi haina mahali pa kujaza kwamba alijua nilichosikia, akaniacha niendelee kukisikia. Kama aliona ana haki, angesema tu, mama, na mimi nimeandika, tushindane. Ningekasirika siku moja, kisha tungesoma pamoja.

Halafu nikakumbuka lile swali la mvua.

Alikuwa anajipima. Alitaka kujua kama maneno yake yatamlinda, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba yatamlinda.

Nikiri na lingine. Sasa nimeanza kupima hata maombi yake. Nakumbuka aliomba Mungu anipe lililo jema kwangu, na sikumbuki akitaja stoo. Ni moyo gani huu wa kukagua maombi ya mtu kama doa kwenye shuka? Sikuwa hivi.

Akinyi kwa simu ameniambia niende ofisini nilalamike. Nikasema nini? Kwamba mwenzangu alijua maswali? Wataniuliza aliyajua kwa nani.

Leo kanisani wakati wa kushikana mikono nilimwona akinitafuta kwa macho. Nikachukua mkoba nikatoka. Nimefika nyumbani, nimepiga magoti kando ya kitanda, nimemwambia Mungu bila kuzunguka: Rosa akiniomba msamaha, nitamsamehe.

Nikasimama, nikaenda kuchemsha maji ya chai, nikiwa nimeridhika kwamba nimeweka sharti gumu. Ndipo nikasikia nilichosema. Nimesema akiomba, nitasamehe. Sikusema asipoomba, sitasamehe. Nafasi ya kumsamehe bila kuombwa imebaki wazi, na sijui kama niliiacha mimi au niliachiwa.

Ningeweza kurudi magotini nikaifunga. Maneno machache tu yangetosha.

Kesho saa moja asubuhi Rosa anapewa funguo, na mimi mikono yangu inarudi majini. Nafasi sijaifunga. Lakini kupita ndani yake, leo siwezi. Bado nina hasira.